Uzamili wa Kigiriki na Kilatini kwa Ufadhili: Mwongozo wa Mwombaji

Ukisikia mtu anasoma uzamili wa Kigiriki na Kilatini huko Marekani, halipi ada, na kila mwezi anapokea posho, usidhani ni bahati ya mtende. Ni mapatano ya kazi. Vyuo vikuu vingi vya Marekani huwataka wanafunzi wa shahada ya kwanza wasome lugha ya kigeni, na baadhi yao huchagua Kilatini. Madarasa hayo ya mwanzo yanahitaji walimu na wasahihishaji. Basi idara humchukua mwanafunzi wa uzamili, humsamehe ada, humpa posho na mara nyingi bima ya afya, naye hufundisha au kusahihisha kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo.

Ukilielewa hilo, utaandika maombi ya namna nyingine kabisa. Kamati ya udahili haitafuti tu mtu mwenye akili. Inajiuliza maswali mawili: je, huyu akifika Agosti ataweza kusimama mbele ya vijana wa miaka kumi na minane na kuwafundisha Kilatini cha mwanzo? Na je, kwenye semina ataweza kusoma kurasa za Thucydides au Tacitus sambamba na wenzake? Kila karatasi utakayotuma ijibu moja ya maswali hayo. Isiyojibu lolote ni mzigo.

Anza kwa kuhesabu lugha zako

Idara nyingi hutarajia mwombaji wa uzamili awe amesoma lugha moja, Kilatini au Kigiriki cha kale, kwa kiwango cha miaka miwili hivi ya chuo, na walau mwaka mmoja wa lugha ya pili. Uzamivu hudai zaidi. Marekani mtu anaweza kuruka kutoka shahada ya kwanza hadi uzamivu, na ndiyo maana uzamili wa fani hii umekuwa kimbilio la walioanza lugha hizi ukubwani. Hutaonekana kituko kwa kuwa umeanza Kigiriki ukiwa na miaka 22.

Kwetu Afrika Mashariki, wengi wenye msingi huu wamepita seminari na vyuo vya teolojia: Kipalapala, Katigondo, Makumira, Limuru, au seminari ya Waorthodoksi ya Riruta, Nairobi. Kama wewe ni mmoja wao, una mtaji, ila usiukadirie kupita kiasi. Kigiriki cha Agano Jipya kinahesabika, lakini mtu aliyezoea Injili ya Yohane akifungua Plato kwa mara ya kwanza hutoka jasho: sentensi ni ndefu, vitenzi vina maumbo ambayo Agano Jipya huyatumia kwa nadra, na viunganishi vidogo vidogo vimejaa kila mahali. Kabla ya kuomba, soma walau *Utetezi wa Socrates* wa Plato au kitabu kimoja cha *Anabasis* ya Xenophon kwa Kigiriki chake. Hali kadhalika kwa Kilatini cha Kanisa: aliyesoma Vulgata na Mtakatifu Augustino aongeze Caesar, Cicero na Vergil, kwa sababu hao ndio kamati itakaowatafuta kwenye faili lake.

Kama huna lugha hata moja, usitume maombi ya mkondo wa lugha mwaka huu. Jifunze kwanza. Kitabu cha Kilatini cha Wheelock, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1956, kina sura 40 na kinafaa kwa anayependa kanuni zilizopangwa. *Familia Romana* cha Hans Ørberg kinakufundisha kwa kukusomesha hadithi kwa Kilatini tangu mstari wa kwanza. Matini karibu zote utakazohitaji, pamoja na kamusi na sarufi, zipo bure kwenye maktaba ya kidijitali ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts, na kamusi ya Logeion ya Chuo Kikuu cha Chicago hufunguka vizuri kwenye simu.

Lakini kamati hupenda kuona alama iliyotolewa na mwalimu, siyo neno lako peke yake. Hapo una njia tatu. Ya kwanza ni kozi za kiangazi za kukazana: taasisi ya Kilatini na Kigiriki ya Chuo Kikuu cha Jiji la New York imekuwa ikifundisha tangu 1973, na kwa wiki 10 humaliza kazi ambayo darasa la kawaida huifanya kwa zaidi ya mwaka. Ya pili ni programu za mwaka mmoja baada ya shahada ya kwanza, kama zile za Pennsylvania na UCLA, ambazo kwa kawaida mwanafunzi hujilipia. Ya tatu haihitaji kuvuka bahari. Chuo Kikuu cha Ibadan kina idara ya fani hii tangu 1948. Legon nchini Ghana, Chuo Kikuu cha Malawi kule Zomba, na Stellenbosch nchini Afrika Kusini nao wanafundisha. Kwa mtu wa Mbeya, Zomba ni karibu kuliko anavyodhani.

Kuna pia mikondo isiyodai lugha nyingi hivyo, kama historia ya kale na akiolojia. Ina nafasi zake, ila soma masharti kwa makini: sehemu kubwa ya ufadhili wake nayo hutegemea wewe kusaidia kufundisha.

Wapi pa kuomba

Nchini Marekani, vyuo vya umma ndivyo vyenye desturi ndefu ya uzamili unaolipiwa kwa kazi ya kufundisha. Anza kwa kutazama Georgia, Kansas, Kentucky, Florida State, Arizona na Texas Tech. Kentucky ina taasisi ya Kilatini ambamo semina huendeshwa kwa Kilatini chenyewe, mwalimu na wanafunzi wakizungumza. Aliyezoea kukisikia Kilatini kikitamkwa kwa sauti seminarini hatakuwa mgeni sana. Bajeti za idara hizi hupanda na kushuka, kwa hiyo usitegemee orodha ya miaka mitatu iliyopita, wala hii yangu. Chama cha wataalamu wa fani hii cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1869 na ambacho tangu 2014 kinaitwa Society for Classical Studies, ni mahali pazuri pa kuanzia utafutaji wa programu.

Kanada nayo isikupite: British Columbia, McMaster, Western, Victoria na Alberta zina uzamili wa fani hii, na wanafunzi hupata posho kwa kusaidia kufundisha. Jambo la kuuliza mapema ni kama wanafunzi wa kigeni wanapata kiasi kilekile cha fedha, maana ada yao huko mara nyingi ni kubwa kuliko ya wenyeji.

Uingereza mambo ni tofauti. Uzamili kwa kawaida ni wa mwaka mmoja au chini ya hapo, na idara kwa kawaida haimwajiri mwanafunzi wa uzamili kufundisha. Fedha hutoka kwenye mifuko ya nje ya idara. Oxford kuna Clarendon, ambayo haina fomu ya peke yake: ukiomba kozi kabla ya tarehe ya mwisho ya Desemba au Januari, unaingizwa kwenye ushindani. Cambridge kuna Gates Cambridge, kwa raia wa nchi zote isipokuwa Uingereza. Rhodes, nayo ya Oxford, ina nafasi za Afrika Mashariki, ina kikomo cha umri, na hufungwa miezi mingi kabla ya masomo kuanza. Chevening, ya serikali ya Uingereza, hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na baada ya masomo urudi nyumbani kwa miaka miwili. Kwenye mifuko hii unashindana na daktari na mhandisi, kwa hiyo utalazimika kueleza kwa nini nchi yako inamhitaji mtu anayesoma Kigiriki. Jibu la swali hilo uliandae mapema, na liwe la kweli.

Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kikwazo kikubwa ni Kijerumani, kwani ndicho kinachotumika kufundishia.

Usiombe vyuo kumi na vitano. Vitano au sita vilivyochaguliwa kwa akili vinatosha, na angalau kimoja kiwe nje ya nchi unayoitaka zaidi. Sababu ya hilo nitaieleza nikifika kwenye viza.

Kalenda ya mwaka mmoja

Masomo ya Marekani huanza Agosti. Tarehe nyingi za mwisho za maombi ziko kati ya Desemba na Februari, majibu hutoka Februari na Machi, na vyuo vingi vimekubaliana kumwacha mwombaji afikirie ofa ya fedha hadi tarehe 15 Aprili. Rudi nyuma kutoka hapo. Machi hadi Juni ya mwaka unaotangulia ni ya kusoma matini na kuchagua mada ya insha. Julai na Agosti andika rasimu. Septemba omba barua za mapendekezo na uandikie idara. Oktoba fanya mtihani wa Kiingereza kama unahitajika. Novemba kamilisha, na utume wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Umeme hukatika, mtandao husumbua, na kadi ya benki hukataa malipo ya dola saa sita usiku bila kukupa sababu.

Barua pepe ya Septemba iende kwa mratibu wa masomo ya uzamili wa idara, siyo kwa ofisi kuu ya udahili. Iwe fupi: wewe ni nani, umesoma nini kwa Kilatini na Kigiriki, unapenda kusoma nini. Kisha uliza. Je, mwaka huu mna nafasi ngapi zenye ufadhili? Je, mwanafunzi wa kigeni anastahili nafasi hizo? Waliohitimu miaka ya karibuni wamekwenda wapi? Idara inayojibu maswali haya waziwazi inakuonyesha jinsi itakavyokutendea ukishafika. Inayozungukazunguka nayo imekujibu.

Orodha ya matini ulizosoma

Karatasi hii wengi huidharau, kumbe ina uzito mkubwa. Hata kama chuo hakiiombi, iweke mwishoni mwa wasifu wako. Anayeandika "Kilatini: miaka mitatu, kiwango kizuri" hajasema kitu. Andika hivi:

Kilatini: Caesar, *Vita vya Gallia*, kitabu cha 1, sura 1–29. Cicero, hotuba ya kwanza dhidi ya Catilina, yote. Vergil, *Aeneid*, kitabu cha 2, mistari 1–400. Augustino, *Maungamo*, kitabu cha 8, chote.

Kigiriki: Injili ya Marko, yote. Xenophon, *Anabasis*, kitabu cha 1, sura 1–5. Plato, *Utetezi*, kurasa 17–24.

Chini yake eleza umezisoma vipi: zipi darasani na zipi peke yako. Usiongeze hata mstari mmoja ambao hukuusoma. Baadhi ya idara hukuita kwenye mahojiano ya video, na profesa anaweza kukufungulia ukurasa wa kitabu ulichokitaja akakuambia utafsiri papo hapo.

Matokeo ya seminari nayo yanahitaji maelezo. Yakionyesha "Kilatini I" hadi "Kilatini IV", msomaji wa Kansas hawezi kujua kama kilikuwa kipindi kimoja kwa wiki au vitano. Ambatanisha ukurasa mmoja: kila kozi, saa kwa wiki, kitabu kilichotumika na sura mlizomaliza. Ukiweza kupata sahihi ya gombera au mkuu wa masomo, bora zaidi.

Barua ya maelezo

Kurasa mbili, mara nyingi chini ya hapo. Usianze na "Tangu utotoni nimevutiwa na ustaarabu wa kale." Kamati hukutana na sentensi hiyo kila mwaka na haimkumbuki hata mmoja wa walioiandika. Anza na kazi: "Mwaka jana nilisoma kitabu cha pili cha *Aeneid* na nikataka kujua kwa nini Vergil anamwachia Aeneas mwenyewe asimulie kuanguka kwa Troya." Sentensi hiyo inaonyesha matini, inaonyesha swali, na inaonyesha mtu anayesoma akiwa macho.

Baada ya hapo eleza mambo matatu. Lugha zako ziko wapi leo na unataka zifike wapi kwa miaka miwili. Usifiche upungufu, kwa sababu uzamili uliwekwa kwa ajili hiyo. Kwa nini idara hii hasa: taja walimu wawili ambao umesoma kitu walichoandika, na useme kilikufikirisha nini. Na uzoefu wako wa kufundisha. Hapa Waafrika Mashariki wengi wana hazina wanayoisahau. Umefundisha tuisheni kidato cha pili? Umesimamia darasa la katekisimu, madrasa au shule ya Jumapili? Umewahi kufundisha Kiingereza darasa la wanafunzi sabini bila vitabu vya kutosha? Andika, na ueleze jambo moja ulilolifanya likaeleweka kwa wanafunzi. Idara inatafuta mwalimu wa Kilatini cha mwanzo. Iambie kwamba umeshashika chaki.

Kama unatoka Kongo, Burundi au Rwanda na unasoma Kifaransa, kitaje kwa herufi kubwa. Uzamili wa fani hii mara nyingi hudai uwezo wa kusoma Kifaransa, Kijerumani au Kiitaliano, kwa sababu utafiti mwingi umeandikwa kwa lugha hizo. Wewe utakuwa umelipa deni hilo kabla ya kufika.

Insha ya kuonyesha kazi yako

Huwa ni kurasa 10 hadi 20, na inapaswa kunukuu Kigiriki au Kilatini chenyewe na kukifafanua. Insha nzuri ya teolojia isiyogusa lugha ya asili haitakusaidia sana. Mada pana nayo inaua. "Uhusiano wa Wagiriki na Afrika Mashariki" ni mada ya vitabu vitatu. Hutaimaliza wala hutaitendea haki.

Hata hivyo pwani yetu inatoa mada ambayo wengi walioko kwenye kamati hawajaisoma kwa karibu. *Periplus ya Bahari ya Eritrea*, iliyoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza na mfanyabiashara wa Misri ambaye jina lake halikuhifadhiwa, inaeleza pwani ya Azania hadi mji wa soko wa Rhapta: mitumbwi iliyoshonwa, pembe za ndovu, pembe za faru, na magamba ya kobe. Ptolemy naye ameutaja mji huo katika *Jiografia* yake. Mwaka 1989 Lionel Casson alitoa toleo lenye Kigiriki, tafsiri ya Kiingereza na maelezo, na katika miaka ya 1990 mwanaakiolojia Mtanzania Felix Chami aliandika juu ya shanga za Kirumi kutoka delta ya Rufiji.

Ukitaka kulitumia hilo, chagua fungu moja dogo. Kwa mfano fungu la 16, ambamo mwandishi anasema Rhapta iko chini ya mtawala wa Mapharitis wa Arabuni kwa haki ya zamani, huku watu wa bandari ya Muza wakiishikilia kwa masharti ya kodi na kutuma manahodha waliooa huko na wanaoijua lugha ya wenyeji. Je, maneno ya Kigiriki anayoyatumia kwa utawala huo yanamaanisha nini kwingineko katika kitabu hichohicho? Anautofautisha vipi na utawala wa bandari za Arabuni anakopita? Swali kama hilo linatosha kurasa kumi na tano, linadai usome Kigiriki, na wewe unaijua pwani yenyewe. Lakini usilichague kwa sababu tu unatoka huku. Kama moyo wako uko kwa Horace, andika juu ya Horace, wala hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Barua za mapendekezo

Tatu ndiyo kawaida, na walau mbili zitoke kwa watu waliokufundisha lugha au matini. Barua ya askofu au mbunge asiyejua unavyotafsiri ni heshima isiyo na kazi. Mwandikie mwalimu wako angalau wiki sita kabla, na umrahisishie. Kwa padre aliyekufundisha, ujumbe kama huu unafaa:

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Shikamoo. Naomba uzamili wa Kilatini na Kigiriki katika vyuo vitano, na naomba uniandikie barua ya mapendekezo. Ulinifundisha Kilatini III na IV, tukasoma Cicero. Wanataka kujua hasa kama naweza kusoma matini peke yangu na kama naweza kufundisha. Nimeambatanisha insha yangu, matokeo, na tarehe za kila chuo. Barua inatumwa kwa kiungo watakachokutumia kwenye barua pepe. Kama majukumu hayaruhusu, Padre, nitaelewa kabisa. Nitakukumbusha kwa adabu wiki mbili kabla."

Aya hiyo inampa mwalimu kila anachohitaji, pamoja na njia ya kukataa bila aibu. Barua iliyoandikwa kwa shingo upande hukudhuru. Mwambie pia aangalie barua taka, maana viungo vya vyuo hupotelea humo, na kama mtandao wake ni wa shida, mtafutie siku na mahali pa kupakia.

Alama, Kiingereza na ada ya maombi

Alama zako usizibadilishe mwenyewe. GPA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Makerere ni kati ya 5, ya Marekani ni kati ya 4, na mwombaji anayepiga hesabu yake mwenyewe huishia kujipunja au kuonekana anadanganya. Andika ilivyo, pamoja na daraja la shahada na maelezo ya mfumo yaliyo nyuma ya transkripti.

Mtihani wa Kiingereza, TOEFL au IELTS, hudaiwa na vyuo vingi, lakini baadhi humsamehe aliyesoma shahada yake kwa Kiingereza. Omba barua ya chuo chako inayothibitisha lugha ya kufundishia, kisha uulize kabla ya kulipia mtihani. Kumbuka kwamba anayetaka kufundisha anaweza kudaiwa alama ya juu zaidi kwenye sehemu ya kuzungumza. GRE, mtihani wa jumla wa kuombea uzamili, idara nyingi za fani hii zimeiacha. Usiilipie bila kuona imeandikwa kwamba inahitajika. Ada ya maombi huwa kati ya dola 50 na 100 kwa kila chuo. Mwandikie mratibu umwombe msamaha wa ada hiyo. Si aibu, wengi hupewa kwa sababu wameomba tu.

Ofa ikija, isome kama mkataba

Neno "ufadhili kamili" lina matundu. Msamaha wa ada ya masomo mara nyingi haugusi tozo nyingine za chuo, za huduma, teknolojia na wanafunzi wa kigeni, ambazo unalipa mwenyewe kila muhula. Posho nyingi ni za miezi tisa. Tuseme umeahidiwa dola 18,000 kwa miezi tisa na tozo ni dola 1,500 kwa mwaka. Usiseme utapata dola 2,000 kwa mwezi. Toa tozo, gawa kwa miezi kumi na miwili, unabaki na dola 1,375 kabla ya kodi ya serikali, na humo kuna pango, chakula na mavazi ya baridi.

Uliza kwa maandishi: Je, msamaha wa ada unafuta pia nyongeza ya watu wa nje ya jimbo? Bima ya afya nani analipa? Mwaka wa pili umehakikishwa, na kwa masharti gani? Nitafundisha darasa langu mwenyewe au nitamsaidia profesa? Kuna kazi wakati wa kiangazi? Posho ya kwanza inalipwa lini? Swali hilo la mwisho limewaumiza wengi. Unafika katikati ya Agosti, mwenye nyumba anataka pango na amana, na malipo ya kwanza yanaweza kuja mwishoni mwa Septemba. Uwe na akiba ya mwezi mmoja na nusu, au uombe mkopo mdogo wa chuo au malipo ya awali kabla hujapanda ndege.

Ukipewa ofa mbili, ni ruhusa kuieleza idara unayoipenda kwamba nyingine imetoa zaidi, kwa lugha ya heshima. Wanaweza kuongeza, wanaweza wasiweze. Hawatakunyang'anya nafasi kwa kuuliza.

Viza

Ukikubali, chuo cha Marekani kitakutumia I-20, hati ya kuombea viza ya mwanafunzi. Utalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa kusajili wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za maombi ya viza, kisha utakwenda kwenye usaili ubalozini. Afisa atataka kujua unasoma nini, nani analipa na utafanya nini baadaye. Barua ya ofa yenye kiasi cha posho ndiyo ushahidi wako mkuu. Uwe na jibu la sekunde thelathini kuhusu Kilatini: kufundisha seminarini au chuoni, kuendelea na uzamivu, au kufanya utafiti wa historia ya kale ya pwani.

Angalia sheria kabla ya kulipa ada ya kwanza ya maombi. Juni 2025 Marekani ilitangaza vizuizi vya kuingia kwa raia wa nchi kadhaa, na Burundi ilikuwemo kwenye kundi ambalo viza za wanafunzi ziliguswa. Orodha za namna hiyo huongezwa na kupunguzwa, kwa hiyo mwombaji wa nchi yoyote ya ukanda wetu asome tangazo la ubalozi wa Marekani nchini mwake lilivyo mwezi anaoomba. Ndiyo sababu nilikuambia angalau chuo kimoja kiwe nje ya nchi unayoitaka zaidi. Kwa Kanada, kibali cha masomo ni dola za Kanada 150, na alama za vidole 85.

Neno la mwisho kwa mwombaji

Fanya jaribio moja kabla ya yote. Fungua ukurasa wa Caesar au Xenophon ambao hujawahi kuusoma, weka kamusi pembeni, na ujipe saa moja. Ukimaliza nusu ukurasa na umeelewa nani amefanya nini, mwandikie mratibu wa idara wiki hii. Ukikwama kwenye sentensi ya pili, acha fomu zipite mwaka huu, kaa na sarufi kila siku, na uombe mwakani. Ada ya maombi hairudishwi, lakini lugha utakayojifunza kwa miezi kumi na miwili itabaki yako hata vyuo vyote vikikukataa.